Koki ya Chini ya Lori

Kumwaga oili ya lori la mjomba ilikuwa kazi ya kulala chini. Pale kwetu Mwananyamala hatukuwa na shimo la kusimama chini ya gari kama walilokuwa nalo wenye gereji mjini, na tukijaribu kulichimba mchanga huporomoka kabla ya jioni. Kwa hiyo mtu hutandika gunia, akajisukuma kwa mgongo mpaka chini ya injini, akapapasa ile nati ya kumwagia, akaifungua huku amegeuza uso pembeni. Nati ikitoka, oili hutoka nayo kwa ghafla, ya moto, na ikapata njia ya kuingia kwenye mkono wa shati hadi kwapani. Nyingine huingia debeni. Nyingine hunywewa na mchanga.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na mjomba alinikabidhi utunzaji wa gari: kuliosha, kulipima oili na maji, kukaza vilivyolegea. Dereva alikataa kazi ya chini tangu siku aliyoajiriwa.

"Mimi ni dereva, si mjusi," alimwambia mjomba.

Mjomba alicheka siku ile. Dereva alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwembamba, mchache wa maneno, lakini gari likiwa mikononi mwake lilitulia kama punda aliyeshiba. Alikaa nasi nyumba moja, chumba cha uani, na mkewe alikuwa amejifungua karibuni. Chumba kilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha. Jambo hilo halikuhitaji kusemwa.

Lori lilikuwa kuukuu, la wakati wa vita, na kazi yake ilikuwa kuleta chokaa kutoka matanuri ya Boko kwa wajenzi wa mjini. Njia ya Bagamoyo ilikuwa na mchanga mwingi, na rejeta ilichemka mara kwa mara, ndiyo sababu nyuma ya kichwa cha gari tulifunga pipa la maji lenye koki ya shaba ubavuni. Mjomba alikuwa amenuia maji yale yawe sadaka pia. Gari likisimama, yeyote mwenye kiu, au anayetaka kutia udhu, alikuwa na ruhusa ya kukinga kopo lake. Pale Boko, ambako maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, watu walilijua lori letu kwa lile pipa kuliko kwa jambo jingine.

Ni lile pipa lililonipa wazo. Nilikuwa nikinawa uso baada ya kutoka chini ya injini, nimeloa oili shingoni, nikafungua koki kwa vidole, maji yakaja, nikafunga, yakakoma. Nikaitazama ile koki kwa muda. Kisha nikajiuliza kwa nini oili nayo isije hivyo, pembeni, mtu akiwa amechutama tu na debe lake.

Nilikwenda kwenye duka la Mwarabu mmoja mzee, njia ya Kinondoni, aliyeuza misumari, kamba, mafuta ya taa na kila chuma ambacho mtu angeweza kukihitaji. Ukoo wake ulikuwa umekaa pale tangu kabla babu zetu hawajaoa. Siku ile palikuwa na watu wawili wamekaa juu ya magunia wakinywa kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

"Nataka koki. Kama zile za pipa."

Akaitoa. "Na nini tena?"

"Bomba la shaba. Jembamba."

Mkono wake ukasimama. Akawatazama wale wa kwenye magunia, kisha akanitazama mimi.

"Koki na bomba la shaba," alisema polepole. "Kijana, siku hizi kwenu mnapika nini?"

Wale wawili wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kila mtu alijua gongo hupikwa kwa vyombo gani, na kila mtu alijua polisi huanza kuuliza wapi.

"Si cha kupika," nikasema. "Ni cha gari."

"Gari gani hilo linalonyonya kwa bomba?"

Ningeweza kumweleza. Maneno nilikuwa nayo yote kichwani, yamepangwa. Lakini wale watu walikuwa wamegeuka wote kunitazama, na nilichofanya ni kutazama chini na kuvuta ukosi wa shati. Mtu akiulizwa hivyo halafu akatazama chini, anakuwa amekwisha kujibu. Mzee aliniuzia, maana hakuwa mtu wa kukataa kuuza, lakini alifunga vitu vile katika gazeti mara mbili, kama mtu asiyetaka mkono wake uonekane ndani yake.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mjomba alikuwa barazani.

"Nasikia unataka kuniletea polisi hapa."

Kwa mjomba niliweza kusema. Nilichora mchangani kwa kijiti: hii injini, hili bakuli la oili, hii nati, nati itobolewe katikati, bomba lichomekwe, lipite pembeni mpaka chini ya kile kibao cha kukanyagia unapopanda, halafu koki. Mjomba alitazama mchoro, akaufuta kwa mguu, akasema nichore tena. Nilipochora tena akaita dereva.

Dereva alisimama juu ya mchoro kwa muda mrefu.

"Itafanya kazi," alisema. "Ila mzee, nati inafunguliwa kwa spana. Hiyo itafunguliwa na yeyote mwenye vidole."

"Nani atafungua oili ya watu?" mjomba akauliza.

Dereva akainua mabega, akarudi uani.

Fundi wa mabati alinitobolea nati na kuunganisha bomba kwa risasi. Kulikunja bomba nilikufanya mwenyewe. Shaba ukiikunja tupu inabonyea, kwa hiyo niliijaza mchanga mkavu, nikaziba ncha kwa vijiti, nikaikunja taratibu juu ya goti mpaka ikafuata umbo la gari. Nikaifunga kwa waya juu ya vipande vya mpira wa gurudumu ili isitikisike. Koki ikakaa ubavu wa kushoto, chini ya kibao, kimo cha goti, juu yake kabisa pipa la maji.

Siku ya kwanza ya kumwaga oili, majirani walikuja kutazama. Injini ilikuwa bado na joto. Nilichutama, nikaweka debe, nikafungua kwa vidole viwili, na oili nyeusi ikashuka kama uzi mnene, bila kelele, bila kunigusa. Hakuna hata tone lililokwenda mchangani. Mjomba alipiga makofi. Jirani yetu wa mkono wa kulia, aliyekuwa akijenga nyumba ya miti na udongo, aliomba ile oili chafu apake nguzo zake dhidi ya mchwa, akapewa debe zima. Hata mke wa mjomba alitoka kuona, akasema kumbe ile kelele yote ya gongo ilikuwa kwa ajili ya hiki.

Furaha ile haikukaa.

Asubuhi moja nilipima oili mpya kwa kile kijiti cha injini, nikakuta imeshuka chini ya alama. Nikafuta kijiti, nikachovya tena. Ni vilevile. Nikatazama chini ya gari: mchanga mkavu, mweupe. Koki imefungwa, kavu. Nikamwita mjomba.

Mjomba alipima mwenyewe. Alizunguka gari polepole, mikono nyuma, akainama hapa na pale. Kisha akasimama akitazama ng'ambo ya ua, kwenye nguzo za jirani. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa.

"Debe moja linapaka nguzo ngapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Sikujua.

"Zile ni nyingi," akasema.

Tangu siku ile nilianza kuona mambo ambayo sikuwa nikiyaona. Niliona jirani akipita karibu na lori kwenda kisimani, ingawa njia fupi ilikuwa upande wa pili. Niliona kitambaa chenye oili kimeanikwa kwenye kamba ya mke wa dereva, kati ya nepi. Niliona wapakizi wetu wawili wa chokaa wakinyamaza nilipokaribia. Na wao bila shaka waliona kwamba mimi ndiye niliyeshika koki ile kila siku, kuikaza lori likirudi. Mke wa mjomba alianza kufunga mlango wa ghala. Salamu za asubuhi zilikuwa fupi.

Tuliongeza oili. Safari mbili tatu zikapita salama. Kisha lori likaenda Boko Ijumaa, likarudi, na Jumamosi asubuhi oili ikawa imeshuka tena, zaidi ya mara ya kwanza.

Sasa mjomba alikuwa amepata kitu cha kushika. Nyumbani mchanga haukuwa na doa. Oili, kwa hiyo, haikuwa ikiondoka nyumbani. Ilikuwa ikiondokea njiani. Na njiani, Ijumaa, lori lilisimama nje ya msikiti wa Boko wakati wa swala, wapakizi waliingia ndani, na mtu mmoja tu alibaki na gari.

Mjomba alilisema hilo barazani, kwa sauti, jirani akiwapo, na watu wa kahawa, wanaokusanyika barazani kwetu, wakiwapo.

"Sie tunamwabudu Mungu ndani, mwenzetu anakamua gari nje!"

Dereva alikuwa amesimama mlangoni na kopo la chai mkononi.

"Mzee, unanisema mimi?"

"Nasema oili. Oili ndiyo inayokusema wewe."

"Nimeuza oili kwa nani?"

"Boko kuna mashine za kusaga, kuna magari ya mawe. Wanunuzi watakosekana?"

Dereva alilitua kopo juu ya baraza. Alilitua mbali sana na ukingo, kama mtu anayeogopa kulivunja.

"Basi mtafute aliyenunua," alisema.

"Sitafuti mtu. Nakwambia hivi mbele ya hawa: Ijumaa ijayo nakwenda mwenyewe. Ikipungua tena, funguo za gari utaziacha hapa, na chumba utanipa."

Kutoka uani tulimsikia mtoto akilia, na mkewe dereva akimbembeleza kwa lugha ya kwao. Watu wa kahawa walitazama vikombe vyao. Dereva aliingia ndani bila kopo lake, na chai ile ikapoa pale mpaka nilipokwenda kuimwaga.

Baadaye mjomba aliniita pembeni. "Wewe Ijumaa usiingie msikitini pamoja nasi. Kaa mahali usionekane. Utaswali adhuhuri yako baadaye. Nataka macho yako kwenye koki."

Sikupenda kazi ile, lakini sikuweza kumwambia. Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa na jambo. Katikati ya wiki, tulipokuwa tumesimama Boko kupakia, nilikuwa nimemwona dereva amechutama ubavu wa kushoto, kopo tupu mkononi, vidole vyake juu ya koki yangu. Aliponiona alisimama akajipangusa kwa kile kitambaa, akaniuliza kama magunia yamekwisha kuhesabiwa. Hakueleza alichokuwa akifanya. Nami sikuuliza. Nililibeba jambo lile mpaka nyumbani, sikumwambia mjomba, wala sijui hata sasa kama nilinyamaza kwa kumwonea huruma dereva au kwa sababu kunyamaza ndiyo rahisi kwangu siku zote. Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kumhukumu. Ndiye, nilijisemea. Kopo, vidole, kitambaa. Zaidi ya hapo nataka nini?

Ijumaa tulitoka mapema. Mjomba alikaa mbele na dereva, amevaa kanzu yake nzuri, na kwa njia yote hawakuzungumza. Mimi na wapakizi tulikuwa nyuma, karibu na pipa. Kabla ya kutoka mjomba alikuwa amepima oili mbele ya dereva, akamwonyesha kijiti usoni: imejaa. Dereva alitikisa kichwa kukubali.

Tulipofika Boko, adhana ilikuwa karibu. Dereva alisimamisha lori mahali petu pa kawaida, ubavu wa kushoto ukielekea msikiti, yeye upande wa kulia. Mjomba na wapakizi walikinga maji ya pipa kwa kopo, wakatia udhu, wakaingia. Mimi nilizunguka nyuma ya rundo la mawe ya chokaa, nikachutama mahali ambapo niliiona koki na miguu ya dereva kwa pamoja.

Dereva hakwenda popote. Alifungua mlango wa upande wake upepo uingie, akala muhogo wa kuchemsha aliokuja nao kwenye kitambaa, akalala kwenye kiti, miguu ikining'inia nje. Nilitazama zile nyayo zake mpaka macho yakaniuma. Hazikutikisika.

Watu waliendelea kuja, wale wa kuchelewa, kutoka matanurini na machimboni. Wengi walikuwa weupe kwa vumbi la chokaa kuanzia nywele. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kanzu fupi iliyokunjwa mkononi, alilijia lori mbiombio. Alitazama koki ya pipa iliyo juu. Hakuwa na kopo. Akatazama chini, akaiona ya pili. Uso wake ukafunguka kwa shukrani, nilimwona. Akachutama vizuri, kimo kile cha goti kikimfaa kabisa, akasema bismillahi, akaweka mikono yote miwili chini ya koki yangu akafungua.

Oili ilimjaa viganjani.

Hakupiga kelele. Aliruka nyuma, akarudi haraka kufunga, lakini vidole vilikuwa vimeshapakwa na koki iliteleza. Akajaribu tena kwa pindo la shuka. Iliposita akaamini imefungwa. Kisha, akitazama huku na huku, akakusanya mchanga kwa mguu, akaufunika ule weusi wote, akausawazisha kwa unyayo kama mtu anayefukia mbegu. Na pale mdomoni mwa koki, ambapo yeye hakutazama, tone jipya likaanza kuvimba. Likaanguka. Likavimba jingine.

Kicheko kikatoka nyuma yangu. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuwa na jiko lake chini ya kibanda cha makuti, alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Umemwona? Mie kila safari nacheka peke yangu," alisema. "Wiki ile alikuwa wa matanurini. Kabla yake mgeni, mtu wa Bunju, kanzu nyeupe pe! Maskini, aliswali na shuka ya kuazima."

"Shikamoo, mama. Kwani wewe umeona wote hao?"

"Marahaba. Nitaacha kuona nina macho?"

"Mbona hukumwambia dereva?"

"Dereva wenu?" Akageuza kitumbua. "Yule anakuja na muhogo wake kwenye kitambaa. Hajanunua kwangu hata siku moja. Nimfuate kumwambia nini? Nilidhani mmewawekea makusudi, mjini mna vituko."

Yule mtu alikuwa bado amesimama kando ya lori, mikono ameitenga na kiwiliwili chake, hajui aifute wapi. Nilimwendea. Nilijua kwamba akiingia msikitini na kuchanganyika na watu, sitakuwa na la kumwambia mjomba ila maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa hayana uzito hata kwangu mwenyewe.

"Baba, usiondoke," nikasema. "Tafadhali."

Alishtuka. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua. Nilidhani mwenye gari ametuongezea koki ya chini, kwa ajili ya wasio na kopo."

"Kwa nini umefukia?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Mtu ametoa maji kwa ajili ya Mungu. Nimwendee nimwambie maji yako yameniharibia nguo? Nimeona haya."

Nilimfungulia koki ya pipa anawe kwa mchanga na maji mpaka mikono ikatakata, akawahi rakaa ya mwisho. Kisha nikachutama mwenyewe pale chini. Koki ilikuwa ikidondoka. Kila tone lilikuwa dogo, ungeweza kulidharau. Lakini kutoka Boko hadi Mwananyamala kuna mchanga mwingi wa kuyanywa matone hayo, na nyumbani nilikuwa nikiikaza koki kila jioni, gizani, nisione lolote.

Nyayo za upande wa pili zilishuka chini. Dereva alikuwa amezunguka gari, kopo tupu mkononi. Akanikuta na vidole vyangu juu ya koki. Tukatazamana.

"Inavuja tena?" akauliza.

"Ulijua inavuja?"

"Katikati ya wiki niliikuta inavuja, nikaikaza, nikakinga kopo nione kama imekoma." Akachutama karibu nami. "Nilidhani umeifunga vibaya. Au unaifungua wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine anaishika? Wewe ndiye uliyeitengeneza."

"Mbona hukumwambia mjomba?"

"Nimwambie nini? Ningesema koki inavuja, angesema namsingizia mtoto wa dada yake ili nijiokoe. Wewe ungekuwa mahali pangu ungefanyaje?"

Nilimwonyesha ule mchanga uliosawazishwa, nikauchimbua kwa kidole mpaka weusi ukatokea. Alipoelewa, hakucheka. Alikaa chini kabisa, mgongo kwenye gurudumu, akapumua kwa muda mrefu.

Mjomba alipotoka, yule mtu alikuwa naye, amemshika mkono, akimweleza na kumwomba radhi. Mama wa vitumbua naye akaacha jiko lake akaja kusema yake, kwa sauti ambayo nusu ya msikiti iliisikia. Mjomba alisikiliza. Alianza kwa kukunja uso, akaishia kwa kucheka, kicheko kikubwa, mpaka akashika ubavu.

"Sadaka yangu ya oili!" alisema. "Watu wanatia udhu kwa oili!"

Wote walicheka, isipokuwa mmoja. Mjomba akamgeukia dereva, akampiga bega.

"Basi bwana, yamekwisha. Tupakie chokaa."

"Kwangu hayajaisha, mzee," dereva alisema.

Alisema kwa adabu, macho hayakuwa makali. Lakini hakujongea.

"Unataka nini tena? Kazi unayo. Chumba unacho."

"Uliponiita mwizi, uliniita barazani. Mbele ya jirani na watu wa kahawa. Mke wangu alikuwa anasikia. Hapa Boko hakuna anayenijua."

"Sikukuita mwizi. Nilisema oili."

Dereva alipanda, akawasha gari, tukaenda matanurini kupakia. Njia nzima mjomba alijaribu kusema hili na lile, habari za chokaa, habari za mvua. Wakati ule nilikaa nyuma nikiinama ukingoni kuichungulia koki niliyokuwa nimeizungushia waya mara nyingi, na bado sikuiamini.

Jioni, watu wa kahawa walipokusanyika, mjomba alitoka barazani. Alizungumza mengine kwanza. Kikombe cha pili kikaja. Dereva alikuwa amesimama mlangoni, pale pale aliposimama siku ile, na mkewe nyuma yake na mtoto begani. Walikuwa wakingoja, na sisi wote tulijua wanangoja nini, na mjomba alijua kwamba tunajua.

"Ile oili," alisema hatimaye, akitazama kahawa yake, "haikuibwa. Ni watu wa Boko, walikosea koki. Huyu bwana hana neno."

"Sema vizuri, mume wangu," mke wa mjomba alisema kutoka ndani.

"Nimesema! Hakuiba. Nilimsema bure."

Kisha jirani wa nguzo nyeusi akakohoa.

"Na mie?" aliuliza.

"Na wewe nini?"

"Wiki mbili unahesabu nguzo zangu kwa macho. Unadhani sikuoni?"

Hapo ndipo baraza lilipocheka, na dereva naye akatabasamu kidogo, akaketi, akapewa kahawa. Nilidhani ndiyo imekwisha.

Wiki ile niliihamisha koki. Niliirudisha ndani, nyuma ya chuma cha fremu, mahali ambapo lazima uingize mkono kwa kujua, nikaifunga kwa kipande cha bati na nati inayotaka spana. Kazi ya kumwaga oili ilibaki nyepesi karibu kama mwanzo. Chini ya pipa nilifunga kopo kwa mnyororo, kwa wasio na kopo lao. Oili haikupungua tena.

Lakini kila alfajiri tangu hapo, kabla ya kuwasha gari, dereva alikuwa akifungua boneti mwenyewe, kazi ambayo haikuwa yake. Alikuwa akichomoa kijiti, anakifuta, anakichovya, kisha anakwenda nacho mpaka mlangoni kwa mjomba, amekishika kwa mikono miwili kisidondoke.

"Mzee, njoo uone."

"Naamini, bwana. Nenda."

"Njoo uone kwanza."

Mwanzoni mjomba alikasirika. Siku nyingine alijifanya hajaamka. Dereva alisimama pale pale, lori halikuwashwa, wapakizi wamekaa juu ya magunia matupu wakingoja, chokaa ya watu ikingoja Boko, mpaka mjomba akatoka na shuka lake la kulalia, akainama, akatazama ile alama.

"Imejaa," mjomba alisema.

"Imejaa," dereva alisema, na ndipo alipokwenda kuwasha gari.